Kumpima Mtu Pale Anapoangukia

Leo nina jambo moja la kusema, nalo ni hili: mtu anayeyumba na kuanguka kwa sababu ya ugonjwa hupimwa mara nyingi mahali ambapo haanguki. Anapimwa kwenye korido ya hospitali, mchana, sakafu kavu, taa zinawaka, anatazama mbele na hakuna anayemsemesha. Anafanya vizuri, anaandikiwa kwamba hali ni ileile ya mwaka jana, anarudi nyumbani. Usiku saa tisa anaamka kwenda msalani, na huko ndiko anakoangukia.

Ugonjwa nitakaouzungumzia ni multipo sklerosisi, ambao madaktari na wagonjwa wenyewe huuita kwa kifupi MS. Hesabu za dunia za mwaka 2020 zilikadiria kwamba watu milioni 2.8 wanaishi nao. Ni mwingi zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta, Ulaya ya Kaskazini na Kanada, na kwetu Afrika Mashariki ni wa nadra. Nadra si kusema haupo. Wapo walioambiwa jina lake Nairobi na Dar es Salaam baada ya kuzunguka hospitali kwa muda mrefu, na wapo ndugu zetu walioko Muscat, London na Toronto ambao huko waliko ugonjwa huu si mgeni. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na kwa kawaida huanza katika umri wa miaka 20 hadi 40, wakati mtu ana watoto wadogo, ana kazi, ana mipango.

Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili inamgeukia mwenye mwili. Inashambulia myelini, lile ganda la mafuta linalofunika mishipa ya fahamu ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Ganda likichubuka, ujumbe kati ya ubongo na mguu unakwenda kama umeme kwenye waya uliotafunwa na panya: mara unafika, mara unafifia, mara unakatika. Na kwa kuwa makovu hayo yanaweza kutokea popote, kila mgonjwa ana ramani yake. Huyu macho, yule mkojo, mwingine mikono. Lakini miguu na mizani ya mwili huguswa kwa wengi sana, na ukiwauliza wagonjwa ni kitu gani wanaogopa kukipoteza, kutembea hakikosi katika majibu yao.

Kabla ya vipimo, tuelewe kwanza kusimama. Mtu aliyesimama wima anaonekana hafanyi kitu. Kumbe mwili umo kazini wakati wote. Macho yanamwambia ukuta uko wapi. Chombo kilichomo ndani ya sikio kinamwambia kichwa kimeinama au kimenyooka. Nyayo, vifundo na magoti vinatuma habari kupitia uti wa mgongo: uzito umeegemea mbele, uzito umeegemea kushoto. Ubongo mdogo, ule ulioko kisogoni, unazipatanisha habari hizo na kutoa amri kwa misuli. MS inaweza kuharibu lolote kati ya hayo. Ndiyo maana wagonjwa wawili wanaweza kuyumba sawasawa machoni pa jirani, na sababu zikawa tofauti kabisa.

Tabibu mmoja wa Berlin, Moritz Romberg, alieleza katika miaka ya 1840 juu ya wagonjwa ambao wakisimama na kufumba macho huanza kuyumba hadi kuanguka. Wagonjwa wake hawakuwa wa MS. Walikuwa na kaswende iliyoingia kwenye uti wa mgongo. Lakini alichokiona kimebaki kuwa kipimo hadi leo, na kila mwanafunzi wa udaktari anakijua: simama, miguu pamoja, fumba macho. Ukiyumba pale tu unapofumba macho, maana yake miguu yako haileti habari za kutosha, na muda wote macho ndiyo yaliyokuwa yakikubeba. Ukiyumba hata macho yakiwa wazi, tatizo litafutwe kwingine, labda kwenye ubongo mdogo au sikio la ndani.

Daktari anaweza kukipata kipimo hicho kwa swali: ukinawa uso, unashika nini? Anayenawa uso ameinama, macho ameyafumba, na habari pekee iliyobaki inatoka miguuni. Kwa Mwislamu swali linakuwa zito zaidi. Mfuate mtu anayetawadha bombani: anajimwagia maji usoni macho yakiwa yamefumba, anapangusa kichwa, kisha anainua mguu mmoja kuuosha huku amesimama kwa ule mwingine, juu ya sakafu iliyolowa. Akimaliza anakwenda kuswali, anasujudu, anainuka tena, mara kadhaa kwa kila sala. Mambo haya hasa, kusimama kwa mguu mmoja na kuinuka kutoka chini, ndiyo wanayoyatafuta wataalamu wa mizani ya mwili. Mgonjwa ameyafanya mara tano kwa siku nyumbani kwake, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa tuje kwenye kipimo kinachotawala ulimwengu wa MS. Mtungaji wake ni John Kurtzke, daktari wa mishipa ya fahamu wa Marekani aliyefanya kazi katika hospitali za wanajeshi wastaafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 palikuwa na matumaini kwamba isoniazidi, dawa ileile ya kifua kikuu tunayoijua sana huku kwetu, ingeweza kuwasaidia wenye MS. Ili kujua kama dawa inasaidia, lazima uwe na namna ya kusema huyu yuko hapa leo na mwakani yuko pale. Kurtzke akatunga ngazi ya kuanzia 0 hadi 10, akaichapisha mwaka 1955. Isoniazidi ilipojaribiwa vizuri haikufaa. Ngazi ikabaki. Mwaka 1983 aliigawa kwa nusu nusu, na tangu hapo inaitwa EDSS. Dawa nyingi mnazozisikia leo za kuzuia MS zilipita kwenye majaribio yaliyoitegemea ngazi hiyo.

Sikilizeni ilivyojengwa. Sifuri ni mtu asiye na dalili yoyote daktari anapomchunguza. Kumi ni kifo kilichosababishwa na MS. Ngazi za chini zinategemea uchunguzi wa daktari: macho, nguvu za misuli, hisia. Lakini ukifika 4, miguu inashika usukani. Ngazi ya 4 ni mtu anayeweza kutembea kama mita 500 bila msaada wala kupumzika. Ngazi ya 4.5 ni mita 300. Ya 5 ni mita 200. Ya 5.5 ni mita 100. Ukifika 6, unahitaji fimbo au mkongojo mmoja kufikisha mita 100. Kwa 6.5 unahitaji msaada pande zote mbili kufikisha mita 20. Na 7 ni yule ambaye hata kwa msaada hawezi kupita mita 5, siku yake anaimaliza kwenye kiti cha magurudumu.

Namheshimu Kurtzke. Aliwapa madaktari wa nchi mbalimbali lugha moja, na bila lugha hiyo pengine tusingekuwa na dawa tulizonazo. Lakini tazameni kilichoachwa. Mama aliyefika ngazi ya 6 anaweza kukaa hapo miaka mingi, namba haisogei, huku mikono yake inapoteza uwezo wa kufunga kifungo na kumbukumbu inalegea. Ngazi haimwoni. Na hata katika kutembea kwenyewe, inahesabu mita tu. Haiulizi ulizitembea vipi, ulishika kuta ngapi, ulikaribia kuanguka mara ngapi. Zaidi ya hapo, mara nyingi mita hizo hazipimwi. Daktari ana foleni mlangoni, anauliza tu, unaweza kutembea umbali gani? Mgonjwa anakisia. Ni wangapi kati yenu mnaonisikiliza mnajua mita 300 ni wapi hadi wapi kutoka mlangoni kwenu?

Na namba hiyo si ya kujaza fomu tu. Nchini Uingereza, mwongozo wa huduma ya afya ya taifa umekuwa ukihesabu kushindwa kutembea kuwa sababu ya kumsimamishia mgonjwa dawa za kuzuia ugonjwa. Watu wakauliza kwa haki kabisa: na mikono yangu? Mtu wa kiti cha magurudumu anayeweza kujilisha na kuandika ana mengi ya kulinda. Ndipo watafiti wa London wakaanzisha jaribio la ChariotMS, linalowachukua hasa wale ambao miguu imekwisha kuchoka, na kupima kama dawa inaweza kuilinda mikono yao. Mimi naona lilichelewa, lakini nafurahi lilikuja.

Baada ya ngazi ya Kurtzke kilikuja kipimo cha korido, nami nakipenda kwa sababu hakina ubishi. Unapima kwa futi kamba mita 7.62, yaani futi 25, unabandika selotepu mwanzo na mwisho. Mgonjwa anasimama nyuma ya mstari. Anaambiwa: nenda haraka uwezavyo, lakini kwa usalama. Mguu unapoanza kuvuka mstari saa inaanza, mstari wa pili ukivukwa inasimama. Anapewa nafasi ya kurudia papo hapo kwa kurudi alikotoka, na wastani wa mara mbili ndio unaoandikwa. Kama anatumia fimbo, anakwenda na fimbo yake. Kijana mwenye afya humaliza kwa sekunde nne hivi.

Sekunde hizo zinasema nini juu ya maisha? Watafiti wa Marekani walilichunguza swali hilo, wakachapisha majibu mwaka 2013. Waliotumia sekunde 6 hadi karibu 8 walikuwa mara nyingi wameshabadilisha au kuacha kazi kwa sababu ya ugonjwa, wameanza kushika fimbo, wanahitaji kusaidiwa baadhi ya shughuli. Waliofika sekunde 8 na kuendelea, wengi walikuwa wanaishi kwa malipo ya serikali ya watu wasiojiweza na hawamudu tena shughuli za nyumbani. Ukipiga hesabu, sekunde 6 kwa mita 7.62 ni kasi ya mita 1.27 kwa sekunde. Sekunde 8 ni chini ya mita moja kwa sekunde. Huko Ulaya taa za wavukao barabara hupangwa mara nyingi kwa kukisia kwamba mtu anakwenda kama mita 1.2 kwa sekunde. Basi anayetumia sekunde 8 taa inamgeukia angali katikati ya barabara. Kwetu, kwenye vivuko vingi visivyo na taa, hata hiyo nafasi ya taa hana. Anategemea huruma ya dereva wa bodaboda.

Kipimo hiki cha korido ndicho kilichoiingiza sokoni dawa ya kwanza iliyoidhinishwa kwa ajili ya kutembea kwenye MS. Inaitwa dalfampridini, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliipitisha Januari 2010. Haiponyi ugonjwa. Inaziba matundu ambayo madini ya potasiamu hupitia kwenye neva iliyochubuka, ujumbe usivujie njiani. Katika majaribio mawili makubwa, asilimia 35 ya waliopewa dawa katika moja na asilimia 43 katika jingine waliongeza kasi kwa namna iliyoonekana wazi, na kasi yao ilipanda kwa karibu robo. Kwa anayehangaika kuvuka barabara, robo ni nyingi. Dozi ikizidi inaweza kuleta degedege, kwa hiyo si dawa ya kugawana na jirani. Ninachotaka mkumbuke ni kwamba ilishinda mtihani wa mstari ulionyooka. Mtihani huo haukumuuliza mtu ageuke.

Kugeuka, wasikilizaji wangu, kuna shida yake. Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Montreal walichapisha kipimo cha kiti: inuka, tembea mita 3, geuka, rudi, kaa. Saa inahesabu yote. Mtu anaweza kuwa hodari kwenye mita 3 za kwenda na akapoteza karibu muda wake wote kwenye kugeuka na kukikalia kiti kwa kinyumenyume. Ukimtazama kwa makini unaona: mwenye afya anageuka kwa hatua mbili au tatu bila kufikiri. Huyu anasimama kwanza, anakusanya miguu, anakanyaga hatua ndogondogo sita au saba, macho yako sakafuni, mkono unatafuta kitu hewani. Ukiandika sekunde pekee umepoteza nusu ya ulichokiona. Andika na hatua za kugeuka.

Katherine Berg wa Kanada alikuwa ameshatunga mwaka 1989 orodha ya mambo 14 ambayo jumla yake ni alama 56. Kukaa bila kuegemea, kusimama macho yamefumbwa, kuokota kitu sakafuni, kutazama nyuma juu ya bega, kuzunguka duara kamili, kuweka mguu mbele ya mguu, kusimama kwa mguu mmoja. Ilitungwa kwa ajili ya wazee, na inafaa sana kwa mgonjwa aliyeelemewa. Udhaifu wake ni kwa mgonjwa mpya, mwanamke wa miaka 30 ambaye anapata 54 au 55 kati ya 56 na bado anakwambia, mimi nikitembea jioni sijiamini. Mwamini yeye kuliko alama. Orodha imefika kwenye dari yake.

Mwaka 1997 watafiti wa Umeå, Sweden, walitoa taarifa fupi iliyosomwa sana. Walikuwa wakitembea na wazee wa makao ya kutunzia, njiani wakawaanzishia mazungumzo. Wako walioendelea kutembea huku wanajibu. Wako waliosimama ili wajibu. Hao waliosimama ndio walioanguka zaidi katika miezi iliyofuata. Kusimama kwao kulionyesha kwamba kutembea kumeshakuwa kazi ya akili, na akili haikuwa na nafasi ya kazi ya pili. Kwa wenye MS jambo hili linaonekana mapema sana. Ndiyo maana siku hizi mtaalamu wa mazoezi ya viungo humwambia mgonjwa atembee huku akihesabu kurudi nyuma kwa tatutatu kutoka 100, kisha analinganisha na mwendo wake alipokuwa kimya. Tofauti kati ya mienendo hiyo miwili iko karibu na maisha halisi kuliko sekunde za korido. Nani kati yetu anatembea sokoni bila kuitwa?

Yuko pia mtu ambaye kazi yake imenisaidia kuyaelewa yote haya. Fay Horak, wa Portland katika jimbo la Oregon, amechunguza kwa miaka mingi jinsi mtu anavyozuia kuanguka. Mwaka 2008 yeye na wenzake, wakiongozwa na daktari Michelle Cameron, waliwasimamisha wagonjwa wa MS na watu wenye afya juu ya ubao unaosogea ghafla kinyumenyume, kisha wakapima misuli ya mguu inachukua muda gani kuitikia. Kwa wenye afya ilikuwa takriban milisekunde 100. Kwa wenye MS, takriban 160. Hizo milisekunde 60 huwezi kuziona kwa jicho. Na ucheleweshaji huo uliendana na ucheleweshaji wa habari za hisia zinazopanda kwenye uti wa mgongo. Yaani misuli haikuwa mivivu. Habari zilikuwa hazijafika.

Jambo hili linabadilisha matibabu. Kama habari zinachelewa, kumwambia mgonjwa aimarishe mapaja peke yake hakutoshi. Afundishwe kutabiri msukosuko kabla haujaja, kutumia macho na mikono kwa busara, kupanua nafasi ya miguu anapojua basi litafunga breki. Horak alitunga mwaka 2009 kipimo kinachoigawa mizani katika mafungu sita, kuanzia viungo na misuli yenyewe, hadi kujiandaa kabla ya kusogea, kuitikia unaposukumwa, na kujimudu wakati wa kutembea. Toleo fupi lake lina mambo 14. Mimi natamani kila chuo chetu kinachofundisha watoa mazoezi ya viungo kifundishe mgawanyo huo, kwa sababu humwonyesha mtoa huduma mahali pa kuanzia. Kusema tu kwamba mtu anayumba hakumwonyeshi hilo.

Kuna jambo la uchovu, nalo daktari alitaje hata kama ana haraka. Mgonjwa wa MS anaweza kuanza safari na mwendo mzuri, na baada ya dakika nne kidole gumba cha mguu kikaanza kukwaruza sakafu. Mguu haunyanyuki tena kama ulivyonyanyuka mwanzo. Mwendo wa mita saba hauwezi kuliona hilo. Kipimo cha dakika sita, kilichotoka kwa wagonjwa wa moyo na mapafu, kinaweza, ilimradi unaandika umbali wa kila dakika na si jumla peke yake. Kama huna dakika sita, omba kuona viatu. Kiatu kilicholika ncha upande mmoja kimeshatoa ushahidi wa miezi mingi.

Joto nalo. Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho wa Ujerumani, alieleza mwaka 1890 juu ya wagonjwa ambao uoni wao ulififia baada ya kujitumikisha mwili. Baadaye ikafahamika kwamba kisa ni joto la mwili kupanda: neva iliyochubuka hushindwa kupitisha ujumbe joto likizidi kidogo tu. Ukipoa, uwezo unarudi. Kwa aliyeko Muscat mwezi wa Juni, au Mombasa mwezi wa Februari, hili ni jambo la kila siku. Mtu huyo akipimwa saa mbili asubuhi ndani ya chumba chenye kiyoyozi, na safari ijayo akapimwa saa nane mchana baada ya kushuka kwenye basi, sekunde zitakuwa tofauti, na daktari anaweza kudhani ugonjwa umepanda. Basi saa ya kipimo na joto la siku viandikwe pembeni ya namba. Ni kazi ya kalamu tu.

Nimewataja wapimaji, sasa nimtaje mpimwa. Mwaka 2003 watafiti wa Uingereza walichapisha maswali 12 ambayo mgonjwa anajijibu mwenyewe juu ya wiki mbili zilizopita: MS imekupunguzia kiasi gani uwezo wa kupanda ngazi, imekuongezea kiasi gani juhudi ya kutembea, umelazimika kujishikiza ndani ya nyumba, na swali ambalo naliona bora kuliko yote, imekulazimu kiasi gani kuweka akili yako yote kwenye kutembea. Saa ya kupimia haiwezi kulijibu swali hilo. Kuna mama anayefika kliniki kwa wakati, hakuna aliyemwona akiyumba, na ukimuuliza anakwambia kwamba kutoka kituoni hadi mlangoni hakuona duka, hakuona mtu, ameona hatua zake tu. Amefika amechoka kama aliyelima. Huyo ni mgonjwa ambaye ameshaanza kupoteza kutembea, na namba zote zinasema mzima.

Huku kwetu mashine za MRI, zinazopiga picha ubongo na uti wa mgongo, ziko kwenye miji mikubwa, na madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache. Ndiyo maana vipimo hivi nimevizungumza kirefu. Futi kamba, selotepu, kiti na simu yenye saa, vifaa vyote hivyo vinapatikana kwenye zahanati ya wilaya. Niseme wazi kwamba havikwambii kama ni MS. Kuyumba kunaweza kuletwa na kiharusi, kifua kikuu cha uti wa mgongo, upungufu wa vitamini B12, pombe, dawa fulani. Kujua ugonjwa ni kazi ya daktari. Lakini ugonjwa ukishajulikana, kufuatilia mwendo hakuhitaji kumsafirisha mtu kilomita mia tatu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa karibu anaweza kupima kila baada ya miezi michache, kwa saa ileile, kwa viatu vilevile, na badiliko la asilimia 20 kwenye kipimo cha korido likionekana, hapo ndipo safari ya kwenda kwa bingwa ina sababu. Naomba sana msijaribu kipimo cha kufumba macho peke yenu nyumbani. Mtu asimame karibu, tayari kudaka.

Na kuanguka kwenyewe kuhesabiwe. Watafiti waliokusanya kumbukumbu za wagonjwa 537 kutoka Australia, Sweden, Uingereza na Marekani walikuta kwamba asilimia 56 walianguka angalau mara moja ndani ya miezi mitatu. Zaidi ya nusu, kwa miezi mitatu. Ukiwauliza kliniki, wengi hawakwambii. Mwingine amesahau, mwingine anaona aibu, mwingine anaogopa watoto watamkataza kutoka nje, mwingine amechoka kuambiwa kwamba amelewa. Kwa hiyo watafiti hawategemei kumbukumbu. Wanampa mgonjwa kalenda, kila jioni anaweka alama: leo nimeanguka, leo sikuanguka.

Wagonjwa walianza kuandika kabla ya madaktari. Augustus d'Este, mjukuu wa mfalme George wa Tatu wa Uingereza, aliandika shajara ya ugonjwa wake tangu mwaka 1822, macho yake yalipofifia kwa mara ya kwanza. Mwaka 1827 akiwa Florence miguu ikamlegea, akaanguka, mhudumu wake akawa anamwinua. Aliyaandika yote. Alifariki mwaka 1848, miaka 20 kabla ya Jean-Martin Charcot kuueleza ugonjwa huo vizuri katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris. Leo madaktari wanaoisoma shajara hiyo wanautambua ugonjwa wake bila kumgusa, kwa sababu alisema lini, wapi, na mwili ulifanya nini.

Basi kwa mwenye MS anayenisikiliza, au ndugu anayemhudumia, chukua daftari la shule. Andika tarehe, saa, mahali. Andika ulikuwa unafanya nini: ulikuwa unageuka, umebeba ndoo, umeitwa, kuna giza, sakafu ina maji, ni siku ya joto. Andika na zile mara ulizokaribia kuanguka ukashika ukuta, kwa sababu hizo ni nyingi kuliko kuanguka na zinatangulia. Siku ya kliniki usisubiri kuulizwa. Mpe daktari daftari kabla hajakuagiza utembee.